Milango Ilipofunguliwa: Soko Huria na Tija ya Viwanda vya Tanzania

Swali la iwapo soko huria liliviua viwanda vya Tanzania, au lilifichua tu kwamba vilikuwa vimekwisha kufa, limewagawanya wachumi, wanasiasa na wafanyakazi wa zamani wa viwandani kwa karibu miaka 40, na kila upande una ushahidi wa kutosha wa kuutetea msimamo wake. Anayelaumu huonyesha mabanda ya viwanda vya nguo vya Musoma na Mwanza ambako mitambo ilinyamaza na maelfu ya watu wakapunguzwa kazi, na anayesifu hukumbusha foleni za sukari, sabuni na khanga zilizotoweka ndani ya muda mfupi baada ya mipaka kufunguliwa. Mjadala huo haufiki mbali kwa sababu neno linalopaswa kuwa katikati yake, yaani tija, hutajwa mara nyingi na kuelezwa mara chache.

Tija ni kiasi cha bidhaa kinachopatikana kwa kila kipimo cha kile kilichotumika kuizalisha. Kiwanda chenye wafanyakazi 3,000 kinachotoa mita milioni 10 za kitambaa kwa mwaka kina tija ndogo ya kazi kuliko kiwanda chenye wafanyakazi 1,000 kinachotoa mita milioni 6, ingawa cha kwanza kinatoa kitambaa kingi zaidi na kulisha familia nyingi zaidi. Wachumi huongeza katika hesabu hiyo mtaji, umeme na malighafi, ili wajue kama kiwanda kimepata bidhaa zaidi kwa sababu kimetumia vitu vingi zaidi au kwa sababu kimevitumia vizuri zaidi. Kufungua soko, kwa upande wake, ni kupunguza ushuru wa forodha, kuondoa leseni za uagizaji na ukomo wa kiasi cha bidhaa zinazoruhusiwa kuingia nchini, na kuiacha thamani ya fedha isogee kwa nguvu ya soko badala ya amri ya serikali. Tofauti kati ya hatua hizo ni muhimu, kwa kuwa kila moja hukigusa kiwanda mahali pake.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ya Tanzania ilichukua njia kuu za uchumi na kujenga viwanda vya umma kwa lengo la kuzalisha nyumbani kile kilichokuwa kikiagizwa kutoka ng'ambo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa alama ya matumaini hayo, na baada yake vikafuata viwanda vya nguo, ngozi, korosho na vifaa vya kilimo katika mikoa mingi. Vilikingwa kwa ushuru mkubwa, lakini ukuta wa kweli haukuwa ushuru. Ukuta wa kweli ulikuwa mgawo wa fedha za kigeni, kwani hakuna aliyeweza kuagiza kitu kutoka nje bila kibali cha kupata dola au pauni, na vibali hivyo vilitolewa kwa kupimwa kwa kijiko. Mgawo huo ulivilinda viwanda dhidi ya vitambaa vya kigeni, na wakati huohuo ulivinyima vipuri, rangi, dawa za kuchovyea nguo na mafuta ya mitambo, vitu ambavyo bila hivyo kiwanda cha nguo ni jengo tu.

Ni vizuri kuutazama uhaba huo kwa karibu, katika chumba cha mashine. Beringi moja ya mtambo wa kufuma ikisagika, na ya kuibadilisha ikiwa haipo stoo wala haiwezi kuagizwa kabla ya mgawo wa miezi sita ijayo, fundi hana budi kunyofoa beringi ya mtambo mwingine uliosimama kwa ugonjwa tofauti, na mtambo huo wa pili tangu siku hiyo unakuwa ghala la vipuri. Mwaka unapokwisha mitambo kadhaa imekwisha nyofolewa, wafumaji waliokuwa wakiisimamia bado wanaripoti kazini kila asubuhi na kulipwa mshahara, na mita za kitambaa zinazotoka zimepungua kwa nusu. Hakuna mtu mvivu katika picha hiyo, na huenda fundi yule ni hodari kupindukia kwa kuweza kuiendesha mitambo ya mzungu kwa waya na ubunifu, lakini tija imeporomoka.

Hali hiyo ilizidishwa na mapigo yaliyofuatana: kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena mwaka 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na Vita vya Kagera vilivyoanza mwaka 1978. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980, viwanda vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake, na bidhaa za kawaida zikawa zinaitwa bidhaa adimu, zikigawiwa kwa foleni kwenye maduka ya kaya huku walanguzi wakiziuza gizani kwa bei waliyoitaka. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwasaka walanguzi, lakini haikuweza kusokota uzi.

Yapo pia makosa ambayo hayawezi kupakwa soko huria wala vita. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa zaidi ya jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa yake Ulaya, lakini kiliwekwa kuta za bati zisizopitisha hewa katika mji wenye joto, kikakosa ngozi bora, vipuri na wataalamu, na uzalishaji wake haukuwahi kufika asilimia 5 ya uwezo uliokusudiwa. Kilisimamisha uzalishaji mwaka 1990. Atakayedai kwamba viwanda vya zamani vilikuwa vizima hadi vilipopigwa na bidhaa za kigeni atalazimika kukisahau kiwanda hiki.

Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1984, kabla hata ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, pale bajeti ya mwaka huo iliporuhusu mtu mwenye fedha zake nje ya nchi kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani, mwaka 1986 ukatiwa saini Mpango wa Kufufua Uchumi, mwaka 1988 ukaanzishwa utaratibu wa leseni ya jumla uliowawezesha waagizaji kupata fedha za kigeni bila kuomba kibali cha kila mzigo, na mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yakahalalishwa. Watu walimwita Rais huyo Mzee Ruksa, na jina hilo lilibeba shukrani ya kweli, kwa kuwa mama aliyekuwa akipanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni sasa alikipata dukani mchana kweupe. Shukrani hiyo isipuuzwe na yeyote anayeandika habari za kipindi kile.

Kinachohitaji kuelezwa ni njia ambazo mlango ulio wazi hubadilisha tija ndani ya kiwanda. Njia inayotajwa na wengi ni ushindani: meneja aliyekuwa na soko la uhakika hana sababu ya kupunguza taka, kufika mapema au kubadilisha mtindo wa khanga, lakini kitambaa cha kigeni kinapowekwa kando ya chake kwenye duka moja analazimika kuamka. Njia hiyo ipo, na ushahidi wake ni mzuri, ila si yenye nguvu kuliko zote. Njia yenye nguvu zaidi haionekani na mnunuzi, maana inapita kwenye malighafi na mashine. Khanga hutengenezwa kwa pamba ya Kanda ya Ziwa, lakini rangi zake, kemikali za kung'arishia, skrini za kuchapia na vipuri vya mitambo karibu vyote hutoka nje, hivyo ushuru unaotozwa kwenye rangi ni kodi kwa mchapaji wa Dar es Salaam, na kuupunguza ni sawa na kumpa zana bora kwa bei ileile.

Indonesia ilitoa uthibitisho mkubwa wa jambo hili. Wachumi Mary Amiti na Jozef Konings, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walitenganisha ushuru wa bidhaa zilizokamilika na ushuru wa malighafi, wakakuta kwamba ushuru wa malighafi ukishuka kwa pointi 10 za asilimia, viwanda vinavyoagiza malighafi hizo hupata ongezeko la tija la asilimia 12, ambalo ni angalau mara mbili ya faida inayoletwa na kushusha ushuru wa bidhaa zilizokamilika. Huko India, iliyofungua soko mwaka 1991 baada ya akiba yake ya fedha za kigeni kukaribia kwisha, watafiti walikadiria kwamba takriban asilimia 31 ya bidhaa mpya zilizobuniwa na kampuni za ndani ziliwezekana kwa sababu malighafi za kigeni zilishuka ushuru. Uchunguzi mwingine wa India, hata hivyo, ulionyesha kwamba gharama za uzalishaji zilishuka zaidi kuliko bei dukani, yaani sehemu kubwa ya nafuu ilibaki mfukoni mwa wenye viwanda. Mnunuzi alipata nafuu, ila si yote aliyoahidiwa.

Njia ya tatu ndiyo yenye utata, nayo ni kuhama. Chile, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973, ilishusha ushuru uliozidi wastani wa asilimia 100 hadi kiwango kimoja cha asilimia 10 kwa karibu kila bidhaa ilipofika mwaka 1979. Mchumi Nina Pavcnik alivifuatilia viwanda vya nchi hiyo kimoja kimoja kati ya mwaka 1979 na 1986, akaona kwamba vile vilivyokabiliwa na bidhaa za kigeni viliongeza tija kwa asilimia 3 hadi 10 zaidi ya vile ambavyo bidhaa zake hazivuki mipaka, lakini akaona pia kwamba takriban theluthi mbili ya ongezeko lote la tija halikutokana na viwanda kujirekebisha. Lilitokana na viwanda dhaifu kufungwa au kusinyaa, na wafanyakazi, mikopo na wateja wao kuhamia kwenye viwanda imara.

Hapo ndipo wastani unapoweza kudanganya, na mfano mdogo wa hesabu unatosha kuonyesha hivyo. Tuseme nchi ina viwanda vitatu vyenye idadi sawa ya wafanyakazi, na mfanyakazi mmoja hutoa kwa saa mita 10 katika cha kwanza, mita 20 katika cha pili na mita 40 katika cha tatu, kwa hiyo wastani wa tija ni mita 23. Kile dhaifu kikifungwa, wastani wa viwanda vilivyobaki unapanda hadi mita 30, na taarifa ya serikali itasema kwa ukweli kabisa kwamba tija ya viwanda imeongezeka, ingawa hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeongeza sentimita. Sasa watafutwe wale waliopunguzwa. Ikiwa wameajiriwa na kiwanda cha tatu, nchi nzima imefaidika sana. Ikiwa wamekwenda kuuza maji na karanga barabarani, kazi yenye thamani ya mita 3 kwa saa, basi wastani wa wafanyakazi wote wa nchi umeshuka kutoka mita 23 hadi mita 21 katika mwaka uleule ambao tija ya viwanda imeripotiwa kupanda.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini mwelekeo wake haukubuniwa. Wachumi Margaret McMillan na Dani Rodrik walipolinganisha nchi za Asia, Amerika ya Kilatini na Afrika kati ya mwaka 1990 na 2005, walikuta kwamba barani Asia watu walihama kutoka kazi zenye tija ndogo kwenda zenye tija kubwa, ilhali Afrika na Amerika ya Kilatini uhamaji ulikwenda kinyume na kuvuta ukuaji wa uchumi nyuma. Tanzania ina neno lake kwa mwelekeo huo, nalo ni umachinga. Vijana waliojaza mitaa ya Kariakoo tangu miaka ya 1990 ni watu wa bidii kubwa, na hakuna sababu ya kuwadharau, lakini bidii ya mtu anayetembea siku nzima na mashati kumi begani haiwezi kulinganishwa na bidii ileile ikiwa nyuma ya mtambo unaofanya kazi.

Kwa nini basi wa Chile walihamia kiwanda imara na wa Musoma wakahamia barabarani? Jibu halipo kwenye ushuru peke yake. Ili kiwanda imara kiweze kuwapokea wafanyakazi wa kiwanda kilichofungwa, lazima kiwepo, kiwe na umeme usiokatika, kiweze kukopa kwa riba inayolipika na kiwe na barabara ya kufikisha mzigo bandarini, na Tanzania ya mwaka 1986 ilikuwa na upungufu wa vyote hivyo. Hata Chile haikuvuka kwa usalama, kwa kuwa mwaka 1982 ilipigwa na mdororo mkubwa, na mwaka 1984 serikali yake ikapandisha ushuru kwa muda hadi asilimia 35.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni deni. Shilingi iliyokuwa takriban 17 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 1986 ilifika 40 katikati ya mwaka huo na karibu 200 mwaka 1990. Kushusha thamani kulihitajika, kwani thamani ya zamani ilikuwa ya karatasi tu na ilimwadhibu mkulima wa pamba na kahawa. Lakini kiwanda kilichokuwa kimekopa dola milioni 1 kununua mitambo kilikuta deni la shilingi milioni 17 limekuwa la karibu milioni 200 ndani ya miaka 4, bila kuongeza hata mtambo mmoja. Kiwanda cha namna hiyo kilikuwa huru, hatimaye, kuagiza beringi kutoka popote duniani, na hakikuwa na fedha ya kuinunua. Ruhusa ya kuagiza na uwezo wa kuagiza vilipishana, na katika pengo hilo viwanda vingi vilizama.

Mitumba nayo inastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa ushindani wake si wa kawaida. Kiwanda kinaposhindana na kiwanda cha India au China kinaweza kujifunza kwa mpinzani wake jinsi ya kupunguza gharama, lakini shati lililotolewa bure na mtu wa Ulaya au Marekani halina gharama ya uzalishaji inayoweza kufikiwa na mfumaji yeyote. Mchumi Garth Frazer alikadiria kwamba nguo za mitumba zilichangia takriban asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa nguo barani Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000, na asilimia 50 ya ajira zilizopotea katika sekta hiyo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa bila ushuru chini ya sheria ya AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, na Rwanda iliyobaki na msimamo wake ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Biashara huria, katika kisa hicho, haikuwa huria kwa pande zote mbili, na mfanyabiashara wa mitumba mwenye familia ya kulisha alibaki katikati bila kuulizwa.

Si kila kiwanda kilishindwa. Kampuni ya bia ya taifa, iliyouzwa nusu kwa mwekezaji wa Afrika Kusini mwaka 1993, ilipanua uzalishaji kwa kasi huku ikipunguza wafanyakazi, na Arusha kikakua kiwanda cha vyandarua vyenye dawa kinachotumia teknolojia iliyobuniwa Japani. Mafanikio hayo yanafanana katika jambo moja: mtaji mpya na ujuzi mpya viliingia pamoja na ushindani, badala ya ushindani kuingia peke yake.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, ulionyesha kwamba somo limeeleweka kwa sehemu, kwani uliweka asilimia 0 kwa malighafi na mashine, asilimia 10 kwa bidhaa zilizofikia nusu ya utengenezaji na asilimia 25 kwa zilizokamilika, na mwaka 2022 ukaongeza kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazoweza kutengenezwa ndani ya jumuiya. Mpangilio huo una mantiki nzuri. Udhaifu wake ni kwamba kila mwaka nchi wanachama huomba kuruhusiwa kutoza viwango tofauti, na mwenye kiwanda anayetaka kununua mtambo wa miaka 15 hawezi kujua ushuru wa uzi utakuwa kiasi gani mwezi Julai ujao. Utulivu wa viwango una thamani kwa tija kuliko ukubwa wake.

Sasa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ambalo biashara chini yake ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021, linaahidi kuondoa ushuru kwa asilimia 90 ya aina za bidhaa kati ya nchi za Afrika, na wajumbe wanaojadili ratiba za kuuondoa wanapaswa kuulizwa na wananchi wao swali ambalo halikuulizwa mwaka 1984: mfanyakazi wa kiwanda kitakachofungwa atakwenda kufanya kazi wapi, na nani amekwisha kumwandalia umeme, mkopo na mafunzo? Swali hilo lina uzito wa pekee kwa nguo, kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba inayochumwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza bado inapakiwa melini ikiwa marobota ambayo hayajasokotwa.